"Nipe amoksi ya buku": namna ya kumpa mtoto antibiotiki bila kuiharibu

"Shikamoo dokta. Nipe amoksi ya buku, mtoto anakohoa."

Baridi ya Songea ikianza kuuma, Juni na Julai, maneno hayo nayasikia mara sita saba kwa siku. Nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu, huu ni mwaka wa kumi na sita. Wateja wananiita dokta, lakini mimi si daktari wala mfamasia. Ni mtoa dawa niliyepita mafunzo ya DLDM, yaani Duka la Dawa Muhimu, mpango ulioanzia hapa hapa Ruvuma mwaka 2003 kabla ya kusambaa mikoa mingine. Kwa miaka mingi nilijibu maneno hayo kwa mkasi. Ulikuwa mezani, wa mpini mwekundu, kazi yake kukata stripu. Buku, yaani shilingi elfu, ilipata vidonge kadhaa vya amoksi, yaani amoksilini, nikavikata, nikavitia kwenye kibahasha, nikaandika 1x3, mteja akaenda zake. Vikiisha kesho kutwa, shauri yake.

Kilichonibadilisha ni mjukuu wangu wa kike. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, homa haishuki, akikojoa analia. Mama yake alishampa septrini, antibiotiki nyingine, iliyobaki kwa jirani. Akaja kwangu, nikampa amoksilini ya maji, chupa moja, kwa makadirio ya macho. Homa ikashuka siku mbili, ikarudi na kutapika juu. Hospitalini walichukua mkojo wakauotesha, yaani wanauweka maabara bakteria wakue, kisha wanawajaribia dawa moja moja. Siku ya tatu nikapewa karatasi niisome. Majina ya dawa yamepangwa kutoka juu kwenda chini, na mbele ya kila jina herufi moja: S maana yake dawa inawaua bakteria hao, R maana yake bakteria ni sugu, dawa hiyo haiwawezi. Ampisilini, ndugu wa damu wa amoksilini: R. Septrini: R. Sipro: R. Nikateremka na kidole hadi karibu na mwisho ndipo nikakuta S, mbele ya amikasini, ambayo ni sindano. Alilazwa siku nane. Katika zile R, mbili ni dawa tulizompa sisi nyumbani.

Siku hizi mkasi ule unakata nyuzi kwa binti yangu, fundi cherehani.

Nyanya wengine pale wodini waliniambia, "Mwili wa mtoto umezoea dawa." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo kwa wateja. Sivyo. Mwili hauzoei antibiotiki. Wanaozoea ni bakteria. Dawa ikija kidogo, wale dhaifu wanakufa, wale wenye namna ya kujikinga wanabaki na kuzaana bila mshindani. Tena bakteria hawana uchoyo: kinga hiyo wanaazimana, kama wezi wanaopeana ufunguo wa bandia, hata kati ya bakteria wa aina tofauti. Wanapita mikononi, chooni, kwenye maji. Ndiyo maana mtoto ambaye hajawahi kuonja antibiotiki anaweza kuugua kwa bakteria ambao tayari ni sugu, aliowapata kwa mtu mzima wa nyumba hiyo hiyo. Serikali inaita jambo hili UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa watoto si la kubezwa. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ulikuta kwamba kati ya watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la gram-hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na malaria. Moja ya sababu ilikuwa kwamba dawa waliyoanzishiwa ilikuwa haiwawezi bakteria wale.

Basi haya ndiyo ninayomwambia mama dirishani sasa, akiwa na muda wa kunisikiliza.

Kabla ya dawa: saa ya simu na kifua cha mtoto

Ukiona homa, usianze na antibiotiki. Anza na kipimo cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni. Kikisema hakuna malaria, usiruke hadi kwenye amoksilini kana kwamba lazima iwe moja kati ya hayo mawili. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya watoto 1,005 waliofika kliniki na homa huko Dar es Salaam na Ifakara, wakapimwa kwa kina. Karibu saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa kama wawili kati ya kumi, na malaria ilikuwa kwa kama mmoja. Antibiotiki haiui kirusi, hata uinywe ndoo.

Mafua ya makamasi, kikohozi kisicho na shida ya kupumua, kuharisha majimaji: hayo mengi ni virusi. Mafua yanataka maji ya kunywa, kunyonya na subira. Kuharisha kunataka ORS, ule unga wa pakiti wa kuchanganya na maji, na zinki, vidonge vya miligramu 20 kimoja kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita. Flajili si dawa ya kila tumbo. Kinyesi kikiwa na damu, hapo ni jambo jingine, nenda kituo cha afya.

Sasa nimonia, ambayo ndiyo inayowatia kina mama hofu, na wana haki. Huhitaji mashine kuishuku. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Akilala ndiyo bora zaidi. Pandisha fulana hadi uone tumbo na kifua. Weka saa ya simu dakika moja kamili, usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua haraka kisha akapunguza. Kila tumbo linapoinuka, hesabu moja. Miezi 2 hadi 11: kuanzia 50 kwa dakika ni haraka mno. Mwaka mmoja hadi mitano: kuanzia 40. Ukipata namba hizo, mpeleke leo, sio kesho. Ukipata 32 kwa mtoto wa miaka miwili anayekimbia uani huku makamasi yanamtoka, una haki ya kulala.

Usihesabu chochote, beba mtoto uende hospitali mara moja, ukiona haya: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, hashtuki ukimwita, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au aliyepoa kupita kawaida, au aliyeacha kunyonya, huyo usimlete dukani kwangu kabisa. Sitakuuzia kitu, hata ukinitukana. Wamenitukana.

Najua pia kuna ambao wakiona kikohozi hakiishi hupeleka mtoto kukatwa kimeo, na wakiona homa na kuharisha hutafuta fundi wa kung'oa "meno ya plastiki". Nimeona vidonda vya hao mafundi. Mtoto aliyekwenda na virusi vya mafua anarudi na kidonda kooni, na hapo ndipo bakteria wa kweli wanapoingia na antibiotiki ya kweli inapohitajika.

Mtaani kwetu kuna magonjwa mawili ambayo kila anayepimwa anayo: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi. Sisemi hayapo, mjukuu wangu alikuwa na UTI ya uhakika. Ila mkojo wa mtoto uliochukuliwa bila kumsafisha, au uliokaa kwenye kopo kwa muda wa saa tatu, huonyesha wadudu wa ngozi na wa kopo. Na kile kipimo cha taifodi cha damu, Widal, huweza kutoa majibu ya kuambiwa unayo wakati huna. Ukipewa jibu hilo, uliza kwa heshima: "Daktari, inawezekana kuotesha?" Si kila kituo kina uwezo huo, lakini swali halina bei.

Usiogope pia kurudi nyumbani bila antibiotiki. Huko Mbeya na Morogoro walijaribu kuwapa wahudumu wa vituo tableti, ile kama simu pana, yenye programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua wanapomwona mtoto mgonjwa. Watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 23, wakati kwenye vituo vilivyoendelea kama kawaida walikuwa asilimia 70. Na watoto wa vituo vyenye programu hiyo hawakuishia pabaya kuliko wa vituo vingine.

Ukishaandikiwa: hesabu ya chupa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo dawa nzuri, iliyoandikwa na mtu anayejua, inapoharibikia. Inaharibikia jikoni.

Chukua mtoto wa kilo 11 mwenye nimonia ya kutibiwa nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka amoksilini miligramu 500 asubuhi na miligramu 500 jioni, siku tano. Sasa tazama chupa ya maji iliyozoeleka: miligramu 125 kwa kila mililita 5. Ili upate 500 unahitaji mililita 20, yaani vijiko vinne vya dawa kwa mara moja. Mara mbili kwa siku ni mililita 40. Siku tano ni mililita 200. Chupa ya mililita 100 inaisha katikati ya siku ya tatu! Na nyumbani mama anampa nini? Kijiko kimoja kutwa mara tatu, kwa sababu ndivyo alivyopewa mtoto wa kwanza. Hiyo ni miligramu 375 kwa siku panapotakiwa 1,000. Chupa moja inamfikisha siku sita, anaona amemaliza dozi, kumbe mtoto hajapata hata nusu ya kila siku. Niliuza hivyo kwa miaka. Nilipokaa chini na kalamu nikafanya hesabu hii mara ya kwanza, sikumaliza chai yangu.

Kwa hiyo, kama ipo, omba amoksilini ya vidonge vya kuyeyuka, vya miligramu 250, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Kwa nimonia hesabu yake ni nyepesi: kilo 4 hadi kabla ya 10, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kilo 10 hadi kabla ya 14, viwili na viwili, kilo 14 hadi 19, vitatu na vitatu. Mtoto wetu wa kilo 11 anahitaji vidonge 20, vinakaa kwenye kiganja, havitaki friji. Uzito uliouona kwenye kadi ya kliniki miezi minne iliyopita usiutumie. Mpime tena, dakika mbili tu. Na hesabu hii ni ya nimonia. Sikio, ngozi, mkojo, kila kimoja kina yake, fuata ulivyoandikiwa.

Kuyeyusha: weka vidonge kwenye kikombe kidogo kisafi, tia maji safi ya kunywa au maziwa ya mama, kiasi cha kijiko kimoja au viwili. Tikisa taratibu kama dakika moja mpaka viwe uji mwembamba. Mpe yote. Kisha tia maji kidogo tena, suuza kikombe, mpe na hayo, kwa sababu unga hupenda kubaki chini. Usitoe vidonge vya kesho kwenye karatasi yake leo. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia. Akitapika kila ukimpa, hilo nimeshalitaja hapo juu: hospitali.

Kama ni chupa ya unga, iangalie kwanza mbele ya muuzaji. Unga uwe mkavu, unacheza ukitikisa. Ukikuta imeshatiwa maji na huelezwi lini, irudishe. Nyumbani, gonga chupa ili unga usigande chini, tia maji yaliyochemshwa na kupoa, yafike kama nusu ya chupa, funga, tikisa sana. Sasa subiri. Povu litajaa juu, na hapa wengi wanakosea: wanaona povu limefika kwenye alama, wanaacha. Alama ni ya maji, si ya povu. Likitulia utaona bado panahitaji maji, ongeza hadi kwenye mstari, tikisa tena. Andika tarehe kwenye lebo. Soma inakaa siku ngapi ikishachanganywa. Nyingi bila friji ni siku saba, na zipo zinazotaka friji tangu siku ya kwanza. Kila kabla ya kumpa, tikisa, la sivyo mtoto anakunywa maji matamu siku za mwanzo na dawa yote anaikuta chini ya chupa.

Kuhusu kijiko: siku moja niliomba jirani watatu waniletee vijiko vyao vya chai, nikavipima kwa bomba la sindano. Kimoja kilibeba mililita 3, kimoja 4 na nusu, kimoja karibu 7. Nyumba tatu za mtaa mmoja. Tumia kipimo kilichomo kwenye boksi, au njoo uchukue bomba la mililita 5 au 10 lisilo na sindano. Linapita pembeni ya shavu, si katikati ya ulimi, mtoto hapaliwi.

Kibahasha kikiandikwa 2x2, namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kutwa mara mbili si asubuhi na mchana kwa sababu jioni unakwenda sokoni. Saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwetu tunafungamanisha na taarifa ya habari ya jioni: muziki wake ukilia tu, mtoto anafungua mdomo mwenyewe.

Siku ya tatu

Kipimo chako ni siku ya pili kwenda ya tatu. Mtoto aanze kula, homa ipungue, pumzi ishuke. Hesabu tena kwa saa ya simu ulinganishe. Akiendelea vizuri, hapo ndipo majaribu yanapokuja, kwa sababu amepona kwa macho na bado kuna vidonge nane. Mpe vyote kama ulivyoandikiwa. Wala usiongeze siku kwa kujifurahisha. Siku tano ni tano. Kila siku ya ziada isiyo na kazi inawafundisha tu bakteria wa tumboni mwake.

Asipopata nafuu kufikia siku ya tatu, rudi kwa aliyekuandikia, na ubebe chupa au kibahasha chenyewe. Akizidiwa kabla ya hapo, usisubiri siku kufika. Usije kwangu useme, "Ile haikufanya kazi, nipe kali zaidi." Hakuna dawa "kali". Kuna dawa inayofaa na isiyofaa. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki makundi matatu: za kutumika mwanzo kama amoksilini, za kuangaliwa kwa jicho kali kama azithromaisini na seftriaksoni, na za akiba, zinazofunguliwa mlango wakati nyingine zote zimeshindwa. Ukiruka kwenda kundi la pili kwa kikohozi cha virusi, siku mtoto akipata ugonjwa wa kweli utakuta ngazi zimebaki chache. Na sindano si bora kuliko kidonge kwa sababu tu inauma. Dukani kwangu haichomwi.

Kuharisha kidogo wakati wa dozi hutokea, mpe maji, endelea. Vipele mwili mzima, uso kuvimba, kupumua kwa shida: acha dawa, kimbia hospitali, na ukumbuke jina la dawa hiyo maisha yake yote.

Kinachobaki, na karatasi

Ukimaliza vizuri hakibaki kitu, isipokuwa maji kidogo chupani. Hayo hayawekwi juu ya kabati kwa ajili ya mdogo wake. Kapsuli za rangi mbili za baba hazifunguliwi unga ukamwagiwa kidonda cha mtoto, wala hazitiwi kwenye maji ya kuku. Ninajua yanafanyika, wateja wananiambia bila kona, "Dokta, naomba rangi mbili mbili tu, ya kuku." Dawa iliyobaki au iliyoharibika irudishe dukani au kituoni, sisi tunazo taratibu za kuiteketeza.

Peleka mtoto chanjo kwa tarehe zake. Ile ya nimonia wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya matone ya kuzuia kuharisha wiki ya 6 na ya 10, zilianza kutolewa Tanzania mwanzoni mwa 2013. Mtoto asiyeugua haandikiwi antibiotiki. Sabuni ya kunawa baada ya choo na kabla ya kulisha inasaidia kazi hiyo hiyo.

Mwisho, dai karatasi. Kila mtoto akipewa antibiotiki, andika nyuma ya kadi ya kliniki: tarehe, jina la dawa, kiasi, siku ngapi, alipona au la. Akioteshwa mkojo au damu, omba nakala ya majibu hata kama umeshapewa dawa. Daktari atakayemwona baada ya mwaka mmoja hatakuwa yule yule, na "alipewa dawa nyeupe ya maji" haimsaidii.

Ile ya mjukuu wangu nimeiwekea nailoni, iko ndani ya kadi yake. Mwezi wa tatu homa ilirudi usiku. Mama yake aliitoa na kumpa daktari kabla hata ya kukaa, naye akaisoma kwa kidole, kutoka juu kwenda chini, kama nilivyoisoma mimi.